Arthur Wavell: Mkulima wa Nyali Aliyefia Vilima vya Mwele

Utangulizi

Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na bara pande tatu. Kaskazini, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor, ipo Kisauni na kitongoji chake cha Nyali. Kusini, ng'ambo ya Kilindini, ipo Likoni. Magharibi, baada ya kuvuka Makupa, ipo Changamwe. Pande hizi tatu zinatosha kueleza maisha ya mtu mmoja aliyekuja kutoka mbali, akalima mkonge Nyali, akawaongoza watu wa Mombasa katika vita vya kuilinda reli iliyopita Changamwe, kisha akafa katika vilima vilivyo kusini mwa Likoni. Mtu huyo ni Meja Arthur John Byng Wavell, aliyeuawa tarehe 9 Januari 1916 akiwa na umri wa miaka 33.

Jina la Wavell limehifadhiwa vizuri. Baada ya vita alijengewa ukumbusho karibu na Ngome ya Yesu, na wanahistoria wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika ya Mashariki hawakosi kukitaja kikosi chake cha Waarabu. Hata hivyo, maisha yake hayawezi kuelezwa yakaeleweka bila ya kutajwa watu wa Mombasa waliomfungulia milango, na bila ya kutajwa lugha ya Kiswahili, ambayo kwake ilikuwa kazi, kinga na hatimaye amri ya vita. Kumkumbuka peke yake ni kuikumbuka nusu tu ya habari.

Kuzaliwa na Ujana

Wavell alizaliwa mwaka 1882 katika ukoo wa Kiingereza uliozoea utumishi wa jeshi. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na binamu yake, Archibald Wavell, alikuja kuwa Jemadari Mkuu katika Vita vya Pili vya Dunia na baadaye mwakilishi wa Mfalme wa Uingereza nchini India kuanzia mwaka 1943 hadi 1947. Kwa sadfa, mwaka huo wa 1882 ndio uliochapishwa mjini London kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf, mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kujifunza lugha akiwa katika msiba: mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki mwaka huo huo, na kaburi la Rosina liko bara ya Kisauni, upande ule ule ambao Wavell angekuja kuishi. Krapf mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kuchapishwa kwa kamusi yake.

Kijana Wavell alipata mafunzo ya kijeshi katika chuo cha Sandhurst na kuingia katika Kikosi cha Welsh wakati Waingereza wakipigana na Makaburu huko Afrika ya Kusini. Alishiriki katika vita hivyo angali hajatimiza miaka 20. Vilipomalizika mwaka 1902 hakurejea kwao mara moja. Alibaki kusini mwa Afrika, akafanya kazi za kupima ardhi na kukusanya habari kwa ajili ya jeshi katika maeneo ambayo ramani zake zilikuwa bado hazijakamilika. Kazi hiyo ilimzoesha kuishi mbali na wenzake, kutembea na watu wachache, na kutegemea elimu ya wenyeji kuhusu njia, maji na lugha. Mwaka 1906 aliacha utumishi wa jeshi na kuja Mombasa.

Mombasa Aliyoikuta

Mombasa ya wakati huo ilikuwa katikati ya mageuzi makubwa. Kwa mkataba wa Desemba 1895, ukanda wa maili 10 wa Pwani ulikuwa chini ya utawala wa Waingereza, ingawa kwa sheria ulibaki kuwa milki ya Sultani wa Unguja, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Ngomeni. Ngome yenyewe ilikuwa imegeuzwa gereza, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1958. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa za bara zilishuka kupitia Changamwe na Makupa hadi bandarini.

Mwaka 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya. Mashamba ya minazi na nafaka yaliyotegemea jasho la watumwa yalianza kufifia, na wenye mashamba wengi wakauza ardhi. Huo ndio wakati walowezi wa Kizungu walipoanza kulima mazao mapya katika ukanda wa Pwani. Mkonge ulikuwa umeletwa Afrika ya Mashariki na Wajerumani mwaka 1893, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 uliaminiwa kuwa zao lenye faida nono. Wavell alipata ardhi Nyali na kulima mkonge.

Nyali haikuwa kama ilivyokuja kuwa baadaye, mtaa wa majumba na hoteli. Hakukuwa na daraja. Daraja la kwanza, lile la kuelea, lilifunguliwa mwaka 1931, na la zege likafuata mwaka 1980. Katika zama za Wavell aliyetaka kwenda kisiwani alivuka kwa chombo. Jirani na Nyali palikuwa Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kisauni kwa jumla ilikuwa nchi ya Waswahili, Wamijikenda, Waarabu, na wazao wa watumwa kutoka Nyasa, Uyao na kwingineko. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu hao wote, na mwenye shamba asiyekijua hakuweza kuendesha shamba.

Wavell alijifunza Kiswahili, kisha akajibidiisha katika Kiarabu na katika mila za Kiislamu. Wazungu wengi wa zama zake walijifunza Kiswahili cha kutoa amri tu. Wavell alikwenda mbali zaidi ya hapo. Kiswahili alichokipata Mombasa kilimtosha kudai, mbele ya watu wasiomjua, kwamba yeye ni mtu wa Pwani.

Safari ya Makka

Mwaka 1908 Wavell aliamua kwenda Makka. Mji huo mtakatifu hauruhusiwi kuingiwa na asiye Mwislamu, na Wazungu wachache waliotangulia kuingia, kama vile Burckhardt mwaka 1814 na Richard Burton mwaka 1853, waliingia kwa majina ya bandia. Wavell naye alifanya vivyo hivyo, lakini chaguo lake lilikuwa la pekee. Alijiita Ali bin Mohammed, mtu wa Zanzibar.

Chaguo hilo lilikuwa na hesabu ndani yake. Mzanzibari angeweza kuzungumza Kiarabu chenye kasoro bila ya kushangaza mtu, kwa kuwa Kiarabu si lugha ya nyumbani kwa Waswahili wengi. Rangi za watu wa Zanzibar nazo zilikuwa nyingi, kwa hivyo mtu mweupe kiasi hakutiliwa shaka. Juu ya yote, kama angetokea wa kumjaribu, angeweza kujibu kwa Kiswahili, lugha ambayo wachache huko Hijazi wangeweza kuipima. Kiswahili kilikuwa vazi lake la ndani: joho na kilemba vingeweza kununuliwa sokoni, lakini lugha ilibidi aje nayo.

Hata vazi hilo hakulivaa peke yake. Aliandamana na watu wawili. Mmoja alikuwa Abdul Wahid, Mwarabu wa Halab, na wa pili alikuwa Masaudi, Mswahili wa Mombasa. Masaudi ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi. Kila mwaka mahujaji kutoka Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija walikuwapo Makka na Madina, na hao ndio pekee ambao wangeweza kumgundua mtu aliyedai kuwa mwenzao. Mzungu angeweza kufundishwa namna ya kutia udhu na kuswali, lakini Mswahili anayekutana na Mswahili ugenini huuliza mtaa, ukoo na jamaa. Katika mazungumzo ya namna hiyo, aliyeweza kumwokoa Wavell alikuwa ni Masaudi, ambaye mtaa na jamaa alikuwa nao wa kweli.

Walisafiri kupitia Dameski na kupanda Reli ya Hijazi, ambayo ilikuwa imefika Madina mwaka huo huo wa 1908. Wakati huo makabila ya mabedui yaliyozoea kuishi kwa kuwasafirisha mahujaji kwa ngamia yalikuwa yakipambana na askari wa Kituruki, na Madina haikuwa shwari. Kutoka Madina walikwenda kwa msafara wa ngamia hadi bandari ya Yanbu, wakaenda Jidda kwa njia ya bahari, kisha wakafika Makka. Mwanzoni mwa Januari 1909 walisimama Arafa pamoja na mahujaji wa mwaka ule.

Safari hiyo imehukumiwa kwa njia tofauti. Kwa wasomaji wa Ulaya ilikuwa ushujaa. Kwa Mwislamu yeyote wa Mombasa lilikuwa ni jambo zito, kwa maana ibada si mahali pa kujifichia, na Haram si uwanja wa kutafutia sifa. Masaudi naye aliwekwa katika njia panda: alikuwa hujaji wa kweli, akitimiza nguzo ya dini yake, na wakati huo huo alikuwa ameibeba siri ya mwingine ambayo kama ingefichuka ingeweza kumgharimu uhai. Wavell aliandika habari za safari katika kitabu chake cha Kiingereza, A Modern Pilgrim in Mecca and a Siege in Sanaa, kilichochapishwa London mwaka 1912. Masaudi hakuandika kitabu. Wasomaji wamemjua kwa jina hilo moja tu, na kwa macho ya bwana aliyemsimulia.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wataona kwamba hilo si jambo geni. Miaka michache kabla yake, mmishonari William Taylor alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji na semi za Waswahili wa Mombasa, lakini aliyemkusanyia na kumfafanulia alikuwa mwanachuoni wa mji, Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Jina la mgeni hukaa juu ya jalada, na la mwenyeji hukaa ndani ya kurasa, iwapo litakaa.

Mazingirwa ya Sanaa

Mwaka 1910 Wavell aliingia Yemen, ambayo kwa wakati huo ilikuwa chini ya Milki ya Uthmaniya. Alifika katika mji wa Sanaa, na huko akakutwa na vita. Imamu Yahya aliinua silaha dhidi ya Waturuki, na kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Aprili 1911 wapiganaji wake waliuzingira mji. Wavell alikuwa miongoni mwa waliofungiwa ndani. Aliona njaa, aliona namna askari wa dola kubwa wanavyoweza kushindwa kutoka nje ya kuta, na aliona namna watu wa milimani wanavyopigana kwa bunduki chache na uvumilivu mwingi. Jeshi la Ahmed Izzet Pasha lilipoufungua mji, Waturuki walimshuku Wavell, wakamzuia asiende alikotaka, na mwisho wakamwondoa nchini.

Mambo mawili aliyoyapata Yemen yalikuja kumfaa Mombasa. La kwanza ni kuwajua watu wa kusini mwa Arabuni, desturi zao na namna yao ya kupigana. La pili ni kujua kwamba watu hao hawaongozwi kwa kiboko. Katika Mombasa ya zama hizo walikuwapo watu wengi wa asili ya Yemen na Hadhramaut, wale ambao Waswahili huwaita Washihiri, waliofanya kazi za sulubu na biashara ndogo ndogo kama vile kuchota na kuuza maji. Wachache katika serikali ya kikoloni waliwafikiria watu hao kuwa askari. Wavell aliwafikiria.

Vita Vyafika Pwani

Vita vilipotangazwa mwezi Agosti 1914, Pwani ya Kenya ilikuwa tayari imo katika machafuko. Serikali ilikuwa ikiwalazimisha Wagiriama kutoa vijana wa kufanya kazi na kuhama ardhi yao ya kaskazini ya mto Sabaki, na upinzani uliohamasishwa na Mekatilili wa Menza ulikuwa umepamba moto. Mwezi huo huo wa Agosti Kaya Fungo, moyo wa Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti. Kwa hivyo, watu wa bara ya Mombasa waliiona bunduki ya Mwingereza ikiwaelekea wao kabla ya kuiona ikimwelekea Mjerumani.

Adui alikuwa karibu. Mpaka wa Afrika ya Mashariki ya Wajerumani ulikuwa Vanga, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka Likoni. Shabaha ya Wajerumani ilikuwa reli. Kama reli ya Mombasa ingekatika, au bandari ya Kilindini ikatekwa, Nairobi na Uganda zingekosa chakula, silaha na askari. Vikosi vya Kings African Rifles, ambavyo Waswahili waliviita Keya, vilikuwa vichache na vimetawanyika hadi mipaka ya Somalia na Turkana. Njia ya kusini ilikuwa karibu wazi.

Wavell alirudi katika utumishi wa vita na kuunda kikosi kutokana na Waarabu wa Mombasa. Kikosi hicho kilijulikana kwa jina lake. Hakikuwa na mazoezi marefu wala sare za kifahari, lakini kiliijua nchi na kilimjua kiongozi wake. Askari wengine wa Kizungu walihitaji wakalimani kati yao na watu wao. Wavell alizungumza na watu wake kwa lugha zao.

Mwezi Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka na kupanda ufukweni kuelekea Mombasa. Tarehe 20 ya mwezi huo manowari yao Königsberg ilikuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, na hofu ilitanda mjini. Waarabu wa Wavell walikuwa mbele, Majoreni, wakiwachelewesha adui, na katika mapigano ya huko Wavell alijeruhiwa vibaya. Wajerumani walisogea hadi Gazi, ambako walizuiwa tarehe 7 Oktoba na kurudi nyuma. Mombasa ilikuwa imenusurika.

Mtihani wa Imani

Mwezi Novemba 1914 Milki ya Uthmaniya iliingia vitani upande wa Ujerumani, na kwa jina la Khalifa ikatangazwa jihadi dhidi ya Uingereza na washirika wake. Tangazo hilo liliwaweka Waislamu wa Pwani katika mtihani. Khalifa wa Waislamu alikuwa upande mmoja, na Sultani wao wa Unguja, Khalifa bin Harub, alikuwa upande wa pili, akiwahimiza Waislamu wa Afrika ya Mashariki kubaki na Waingereza. Ng'ambo ya mpaka, Wajerumani waliutumia wito wa Istanbul kuwavutia Waislamu waliokuwa katika majeshi ya adui yao.

Askari wa kikosi cha Waarabu walikuwa Waislamu, na wengi wao walikuwa na jamaa katika nchi zilizopakana na zile zilizotawaliwa na Waturuki. Kubaki kwao katika kikosi si jambo la kuchukuliwa kijuujuu. Wengine bila shaka walibaki kwa ajili ya mshahara, kwa maana vita vilivuruga kazi za bandari na biashara ya majahazi. Wengine walibaki kwa kuwa vita vilikuwa vimefika mlangoni pao, na nyumba zao zilikuwa Mombasa. Nguvu ya Wavell ilikuwa katika kujua kwamba askari wake walikuwa na sababu zao wenyewe, zisizolingana na za Mfalme wa Uingereza.

Hali ya vita nayo haikuwa njema. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi kubwa kutoka India lilishindwa Tanga. Mwezi Januari 1915 Wajerumani waliiteka Jasini baada ya mapigano makali, na Waingereza wakalazimika kuliacha bonde la mto Umba. Kuanzia hapo vilima vya Shimba, Gazi na vijiji vya Wadigo vikawa mstari wa mbele. Wapiganapo tembo nyasi huumia: mashamba ya Wadigo yalikanyagwa na majeshi yote mawili, na vijana wa Pwani wakachukuliwa kuwa wapagazi.

Siku ya Mwele

Wavell alipopona alirudi kwa watu wake, akiwa sasa na cheo cha Meja. Kikosi chake kiliwekwa Mwele, katika vilima vilivyo nyuma ya Gazi. Jina la Mwele halikuwa geni katika masikio ya watu wa Pwani. Katika vilima hivyo Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alikuwa na ngome yake, na mwezi Agosti 1895 Admirali Rawson aliishambulia akiwa na wanamaji na askari wa Sultani. Mbaruk alikimbilia kwa Wajerumani mwaka 1896 na kufia Dar es Salaam mwaka 1910. Miaka 20 baada ya vita vya Mbaruk, bendera zilikuwa zimegeuka. Waingereza, waliokuja vilimani kumwondoa Mwarabu mwenye silaha, sasa walikuwa wamewapa Waarabu silaha ili wavilinde vilima hivyo hivyo dhidi ya Wajerumani waliompa Mbaruk hifadhi.

Tarehe 9 Januari 1916 kikosi cha Wajerumani kiliishambulia sehemu hiyo. Wavell alikwenda kukabiliana nacho akiwa na sehemu ya askari wake. Katika mapigano hayo aliuawa, na pamoja naye wakaanguka Luteni wake na askari kadhaa wa Kiarabu. Hakuishi kuona mashambulizi makubwa ya Jenerali Smuts, yaliyoanza mwezi Machi 1916 na kuwasukuma Wajerumani kusini. Kama angesalimika miezi miwili zaidi, huenda Mwele ingekuwa mbali na mstari wa vita.

Habari ya kifo chake ilifika kisiwani kwa njia ile ile waliyoondokea askari, kupitia kivuko cha Likoni. Kwa Wazungu wa Mombasa alikuwa amekufa afisa hodari na msafiri mashuhuri. Katika nyumba za Mji wa Kale na vibanda vya Washihiri walilia wake na mama wa watu wengine, ambao magazeti hayakuwa na nafasi yao.

Ukumbusho na Usahaulifu

Baada ya vita, ukumbusho wa Wavell na askari wake ulijengwa karibu na Ngome ya Yesu, mkabala na mkono wa bahari aliozoea kuuvuka akitoka Nyali. Aidha, katika miaka ya 1920 serikali ilisimamisha sanamu za askari na wapagazi wa Kiafrika mjini Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Lugha ya Kiswahili imo miongoni mwa lugha za maandishi yake. Sanamu hizo zina sura za watu lakini hazina majina ya watu. Ni askari, ni mpagazi; si fulani bin fulani.

Wapagazi walikuwa wengi mno. Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika ya Mashariki, na makadirio ya waliokufa yanakaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Lugha imewakumbuka kuliko jiwe. Jina la Kiingereza la jeshi lao la uchukuzi lilitamkwa Kiswahili, likawa Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Mamilioni ya watu huyataja majina hayo kila siku wakienda sokoni bila ya kufikiri kwamba wanayataja makaburi. Vivyo hivyo neno Keya liliingia katika hadithi na nyimbo za watu kabla ya kuingia katika vitabu vya historia.

Ukoo wa Wavell wenyewe ulirudi Kenya kwa namna ya ajabu. Mwana wa Jemadari Mkuu Archibald Wavell, ambaye naye alikuwa afisa wa jeshi, aliuawa karibu na Thika mwezi Desemba 1953 akipigana na Mau Mau. Mmoja katika ukoo huo alikufa akiongoza wenyeji dhidi ya wageni wengine, na mwingine akafa akipigana na wenyeji waliodai ardhi yao. Kati ya vifo hivyo viwili imo habari nzima ya ukoloni nchini Kenya.

Hitimisho

Arthur Wavell hakuwa mtakatifu wala hakuwa adui wa wazi. Alikuwa mlowezi aliyefaidi ardhi iliyoachwa na mfumo mmoja wa dhuluma na kuchukuliwa na mwingine. Aliingia mahali patakatifu kwa jina lisilokuwa lake. Hata hivyo, alijifunza lugha ya watu aliokaa nao hadi ikamlinda, na alipokuja kuwaomba wampiganie alisimama nao mbele, mahali alipofia. Wasifu wa haki hauna budi kuyaweka yote hayo katika mizani moja.

Lakini mizani hiyo haitulii mpaka upande wa pili nao uwekwe watu wake: Masaudi aliyempitisha Wavell katika maswali ya mahujaji wenzake, wachota maji wa Mombasa waliogeuka askari, waliokufa Mwele siku moja naye, na Wadigo ambao mashamba yao yalikuwa uwanja wa vita. Mgeni alipewa mnara. Wenyeji waliachiwa lugha, na katika lugha hiyo bado ipo kazi ya kufanywa. Majina yamo katika vinywa vya wazee wa Kisauni, Likoni na Kwale, katika nasaba za familia na katika makaratasi ya zamani yaliyofungiwa majumbani. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayevuka kivuko cha Likoni akiwa na daftari, akaketi na wazee na kuuliza mtaa, ukoo na jamaa, atakuwa akiwauliza waliokufa maswali yale yale ambayo Wavell aliyaogopa Makka. Safari hii, maswali hayo hayatamfichua mtu. Yatamrudishia mtu jina lake.